Jinsi dawa za miti zinavyovunwa tangini bila mti kuguswa

MGONJWA wa saratani ya matiti anapotundikiwa chupa ya paklitakseli katika hospitali ya Nairobi au Eldoret, dawa inayotiririka mishipani mwake ina asili ya mti. Hata hivyo, huenda hakuna mti wowote uliokatwa wala kuchunwa gome ili dawa hiyo ipatikane. Sehemu ya paklitakseli inayouzwa duniani hutengenezwa na seli za mti huo zinazokuzwa ndani ya matangi ya chuma, mfano wa yale ya kiwanda cha bia, katika nchi kama vile Ujerumani na Korea Kusini.

Ufundi huo ni tawi la ukuzaji wa tishu. Wakulima wa Kenya wamelisikia jina hilo kwa sababu ya ndizi. Tangu miaka ya 1990, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo nchini, iliyoitwa KARI wakati huo na ambayo sasa ni KALRO, pamoja na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia (JKUAT) kilichoko Juja, zimekuwa zikizalisha miche ya migomba maabarani na kuisambaza kwa wakulima. Miche hiyo husifiwa kwa kutokuwa na wadudu wala magonjwa yanayorithiwa kutoka kwa mgomba mzazi.

Huo ni upande mmoja tu wa ufundi wenyewe, na ndio ulio rahisi zaidi. Katika migomba, seli hubembelezwa hadi igeuke mmea kamili. Katika utengenezaji wa dawa, seli huzuiwa isiwe mmea. Hulishwa, huongezeka kwa mamilioni, kisha hutakiwa itoe kemikali ile ile ambayo mti mzima ungeitoa baada ya miaka mingi msituni. Tatizo ni kwamba mara nyingi seli hukataa.

Kwa nini mmea hutengeneza dawa

Mmea hauna miguu ya kumkimbia adui. Anapokuja kiwavi, ukungu au mbuzi, silaha yake ni kemikali. Kafeini ya kahawa, nikotini ya tumbaku, kwinini ya mti wa mkwinini na sumu ya pareto inayoua mbu, zote ni ghala la silaha la mimea. Binadamu alizigundua baadaye na kuzigeuza kuwa dawa, viungo na rangi.

Lakini ghala hilo ni dogo. Kemikali nyingi za aina hii hupatikana kwa kiasi kidogo mno, katika sehemu moja tu ya mmea, na pengine katika umri fulani tu. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni ule wa kiua cha rangi ya waridi au nyeupe kiitwacho Catharanthus roseus, ambacho asili yake ni Madagascar na ambacho hupamba nyua nyingi za Pwani bila wenyewe kujua thamani yake. Majani yake hutoa vinblastini na vinkristini, dawa mbili za saratani ambazo tangu miaka ya 1960 zimewaokoa watoto wengi wenye saratani ya damu. Ili kupata gramu moja ya vinblastini, zinahitajika takribani kilo 500 za majani makavu.

Ndoto ya Haberlandt

Wazo la kukuza seli ya mmea nje ya mmea lilitolewa na mtaalamu wa mimea wa Austria, Gottlieb Haberlandt, mwaka 1902. Yeye mwenyewe alishindwa. Seli zake ziliishi kwa muda lakini hazikugawanyika hata mara moja. Ilibidi kungoja hadi 1939, ambapo Wafaransa Roger Gautheret na Pierre Nobécourt, pamoja na Mmarekani Philip White, kila mmoja kwa njia yake, walifaulu kukuza tishu za mimea kwa muda usio na kikomo.

Mwaka 1957, Folke Skoog na Carlos Miller, wakiwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, walionyesha kwamba hatima ya tishu huamuliwa na uwiano wa homoni mbili. Oksini ikizidi, mizizi huota. Saitokinini ikizidi, huchipuka matawi na majani. Zikikaribiana, seli huongezeka ovyo na kuwa bonge laini lisilo na mzizi wala jani. Bonge hilo ndilo linalotafutwa na watengenezaji wa dawa.

Miaka mitano baadaye, mwanafunzi wa Skoog aitwaye Toshio Murashige alikuwa akitafuta homoni mpya katika maji ya majani ya tumbaku. Aligundua kwamba kilichokuwa kikizinenepesha seli zake hakikuwa homoni ngeni bali hasa madini ya kawaida yaliyokuwa yamepungua katika lishe ya awali. Lishe aliyoitunga pamoja na Skoog, iliyochapishwa 1962, ingali inachanganywa katika maabara kote ulimwenguni, zikiwemo zile zinazozalisha migomba.

Namna kazi inavyofanywa

Kipande cha jani, shina au mzizi, kisichozidi ukubwa wa ukucha, huoshwa kwa spiriti na maji ya klorini, kama yale yatumiwayo kung'arisha nguo nyeupe, ili kisibaki na kijidudu hata kimoja. Kisha huwekwa juu ya lishe iliyogandishwa kama uji uliopoa. Ndani yake mna madini, vitamini, homoni na sukari, kwa kawaida gramu 30 katika kila lita, kwani seli hizo haziwezi kujipikia chakula kwa mwanga wa jua jinsi jani lifanyavyo.

Bonge likishatokea, huvunjwavunjwa na kutiwa katika lishe ya majimaji, likatikiswa mchana na usiku. Kutoka chupa ndogo huhamishiwa chupa kubwa, na hatimaye tangi.

Hapo ndipo gharama zinapopanda. Bakteria wengine huongezeka maradufu kwa nusu saa. Seli ya mmea huhitaji siku nzima au zaidi. Wakati wote huo inaogelea katika maji ya sukari, karamu ambayo kila ukungu na bakteria anaitamani. Kijidudu kimoja kikipenya, kazi ya wiki kadhaa humwagwa. Aidha, seli ya mmea ni kubwa na ni dhaifu, hivyo mashine ya kukoroga ikizunguka kwa nguvu huipasua.

Halafu kuna ule ukaidi uliokwisha kutajwa. Seli iliyoshiba na isiyo na adui haioni sababu ya kutengeneza silaha. Wataalamu wamejifunza kuitisha. Huipunguzia chakula, au huitilia kemikali iitwayo methili jasmoneti, ambayo mimea huitoa inapotafunwa na wadudu. Seli hudhani imevamiwa na kuanza kujihami. Kwa sababu hiyo viwanda vingi hutumia matangi mawili, la kwanza la kuzinenepesha seli na la pili la kuzitia hofu.

Rangi ya mdomo ya Wajapani

Mafanikio ya kwanza ya kibiashara yalikuja kutoka Japani katika miaka ya 1983 na 1984, na hayakuhusu ugonjwa wa kutisha. Mmea uitwao murasaki una mizizi yenye rangi nyekundu iliyoiva, shikonini, ambayo kwa karne nyingi ilitumiwa kutia nguo rangi na kutibu majeraha. Mmea wenyewe ulikuwa umeadimika Japani, na mizizi ikiagizwa kutoka China na Korea.

Mizizi hiyo huhitaji miaka kadhaa ardhini, na ikikauka shikonini huwa kama asilimia moja au mbili tu ya uzito wake. Kampuni ya Mitsui Petrochemical, ikitegemea utafiti uliotangulia wa Chuo Kikuu cha Kyoto, ilipata seli zilizotoa zaidi ya asilimia 10, na hilo katika muda wa wiki chache. Kampuni ya vipodozi ya Kanebo ikaitia rangi hiyo katika rangi ya mdomo. Akina mama wa Japani waliinunua kwa wingi, na kwa mara ya kwanza wenye mitaji walisadiki kwamba seli ya mmea inaweza kuleta faida.

Mti wa Taxus

Kisa cha paklitakseli kina uzito zaidi. Mwaka 1962, mtaalamu wa mimea wa serikali ya Marekani, Arthur Barclay, alikusanya gome la mti uitwao Taxus brevifolia katika jimbo la Washington. Ni mti mdogo, unaokua polepole chini ya kivuli cha miti mikubwa, na wakataji mbao walikuwa wakiuchoma kama takataka. Monroe Wall na Mansukh Wani walitenga kemikali yake na kuchapisha umbo lake 1971. Mwaka 1979, Susan Horwitz na wenzake walieleza namna inavyoizuia seli ya saratani isigawanyike. Mwisho wa 1992, Marekani iliidhinisha itumike kutibu saratani ya ovari, chini ya jina la kibiashara Taxol.

Furaha hiyo ilikuja na hesabu chungu. Ili kupata kilo moja ya dawa zilihitajika takribani tani 10 za gome, na mti ukichunwa gome lote hufa. Makadirio ya wakati huo yalikuwa kwamba mgonjwa mmoja angehitaji miti mitatu hadi sita. Wagonjwa na watetezi wa misitu walijikuta wakivutana, kila upande ukiwa na haki yake.

Suluhu ya kwanza ilitoka kwa mkemia wa Ufaransa, Pierre Potier, ambaye aligundua kwamba majani ya Taxus wa Ulaya yana kemikali inayokaribiana na dawa hiyo. Majani huota tena yakichumwa, na wakemia wakaweza kuikamilisha kemikali hiyo maabarani. Suluhu ya pili ilikuwa tangi. Kampuni ya Phyton ilikuza seli za Taxus katika mji wa Ahrensburg, Ujerumani, katika matangi yafikayo lita 75,000, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Bristol-Myers Squibb ikaacha njia ya majani na kuhamia seli. Mwaka 2004 ilitunukiwa tuzo na serikali ya Marekani kwa hatua hiyo, iliyokadiriwa kuepusha matumizi ya kilo 32,000 hivi za kemikali hatari katika miaka mitano ya mwanzo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, habari hii si ya mbali. Utafiti uliochapishwa 2020, uliowahusisha wagonjwa wa ukimwi wenye saratani ya ngozi aina ya Kaposi katika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, ulionyesha kuwa paklitakseli iliwafaa zaidi kuliko dawa nyingine zilizolinganishwa nayo. Dawa ambayo zamani ilihesabiwa kwa miti, leo huandikwa katika hospitali za kaunti.

Waliogoma

Mtu angedhani kwamba baada ya ushindi huo kila dawa ya mmea ingehamia tangini. Sivyo ilivyokuwa. Vinblastini, licha ya miongo mingi ya majaribio, haitoki katika bonge la seli. Mmea huitengeneza kwa hatua nyingi zinazogawanywa baina ya seli za aina tofauti za jani. Moja huanza kazi, nyingine huipokea. Bonge lenye seli za namna moja halina mgawanyo huo. Ni kama kumtaka seremala peke yake ajenge nyumba, apige lipu na kuunganisha umeme.

Pareto ni vivyo hivyo. Sumu yake hukaa hasa ndani ya kichwa cha ua, katika vijitundu na vinywele maalum. Ukikuza seli ambazo hazijawa ua, unapata chembe tu ya sumu au hupati kabisa. Artemisia, inayotoa dawa ya malaria, huhifadhi kemikali yake katika vitezi vidogo juu ya majani, na matokeo yake tangini ni yale yale. Kwa hivyo pareto ingali inachumwa kwa mkono Nakuru, Nyandarua na Kisii. Ufundi wa tishu umemsaidia mkulima huyo kwa njia ya zamani tu, yaani kumzalishia miche. Masaibu yaliyoikumba sekta ya pareto nchini, iliyowahi kuongoza duniani, yalitokana na malipo yaliyocheleweshwa na ushindani wa Australia, wala si tangi la mtu yeyote.

Vanila inatoa funzo jingine. Kampuni moja ya California, Escagenetics, ilitangaza miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990 kwamba ingetengeneza ladha ya vanila kwa seli. Wanaharakati walionya kwamba wakulima wa Madagascar na Komoro wangeangamia. Kampuni hiyo ilifilisika katikati ya miaka ya 1990, na hadi leo ua la vanila huchavushwa kwa mkono, moja baada ya jingine, huko Madagascar na hata Uganda. Kinachomuumiza mkulima wa vanila ni vanilini ya bei nafuu itokanayo na kemikali za mafuta ya petroli.

Hofu yenyewe, hata hivyo, haikuwa ya kipuuzi. Tangi hufuata bei. Kemikali ikiwa ghali vya kutosha na seli ikikubali, hakuna kinachomzuia mwenye mtaji.

Muiri na msandali

Katika nyanda za juu za Kenya kuna mti ambao Wakikuyu huuita muiri na Wakalenjin tendwet, kwa jina la kitaalamu Prunus africana. Tangu miaka ya 1960, baada ya Mfaransa Jacques Debat kupata hataza ya dawa yake, gome la mti huo limesafirishwa Ulaya kutoka nchi kadhaa za Afrika na Madagascar kutibu uvimbe wa tezi ya kibofu kwa wazee wa kiume. Uvunaji ulikithiri hivi kwamba mwaka 1995 mti huo uliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini.

Swali la wengi ni kwa nini muiri usiokolewe kama Taxus. Jibu ni kwamba Taxus ilikuwa na kemikali moja iliyojulikana kwa jina na umbo. Dawa ya muiri ni mchanganyiko wa mafuta na kemikali kadhaa, na hakuna hata moja iliyothibitika kuwa ndiyo peke yake yenye nguvu. Mwenye tangi hajui aiamrishe seli itengeneze nini. Kwa sasa wokovu wa mti huo u katika kupanda mingine na kuchuna gome kwa kiasi.

Msandali wa Kenya, Osyris lanceolata, una balaa jingine. Mafuta yake yenye harufu nzuri hupatikana kwa wingi mizizini, hivyo wezi huung'oa mzima. Uvunaji wake msituni ulipigwa marufuku nchini 2007 na biashara yake ikawekwa chini ya CITES mwaka 2013, lakini magari yaliyosheheni magogo yake yameendelea kunaswa Samburu na kwingineko. Harufu ya msandali hukusanyika kwenye mbao na mizizi ya mti uliokomaa, jambo ambalo seli changa haliliwezi. Watengenezaji wa manukato wamegeukia hamira, ambayo imepandikizwa vinasaba vya msandali wa Asia ili itoe mafuta yanayofanana nayo.

Hapa inafaa kuwatahadharisha wanunuzi wa vipodozi. Tangu 2008, kampuni moja ya Uswisi ilipoanza kuuza dondoo la seli za tufaha la kale liitwalo Uttwiler Spätlauber, maduka yamejaa krimu zinazotangazwa kuwa na "seli mama za mimea". Seli hizo zimekufa kabla ya kufika kopoani, na hakuna seli ya tufaha inayoweza kugeuka ngozi ya binadamu. Mnunuzi hulipia dondoo, na bei yake ni ya muujiza.

Nani atafaidika

Jambo zito zaidi kwa nchi yenye misitu kama Kenya ni hili: anayetaka gome hana budi kurudi kila msimu, na kila akirudi atalipa. Anayetaka seli huhitaji kipande kimoja cha jani, mara moja tu. Baada ya hapo msitu na wanaoishi kando yake hawana tena cha kumuuzia.

Kenya imekwisha kuonja uchungu huo, ingawa si kwa mmea. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilijitokeza kudai sehemu ya faida ya kimeng'enya kilichotokana na vijidudu vya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, likiwemo Bogoria, vilivyochukuliwa na watafiti wa kigeni miaka ya mwanzo ya 1990 na kuishia katika sabuni na viwanda vya nguo. Miaka mitatu baadaye, KWS ilitia saini mkataba na kampuni ya Denmark, Novozymes, wa kugawana faida za vijidudu vya aina hiyo.

Kanuni za kuzuia jambo hilo lisirudiwe zilitolewa mwaka 2006 chini ya sheria ya mazingira, na Itifaki ya Nagoya, ambayo Kenya ni mwanachama, ilianza kutekelezwa Oktoba 2014. Kwa mujibu wa kanuni hizo, yeyote anayetaka kuchukua sampuli ya mmea kwa utafiti wa vinasaba au kemikali zake anapaswa kupata kibali cha NEMA, pamoja na ridhaa ya mapema ya jamii au mwenye ardhi unakomea mmea huo, na kukubaliana naye kuhusu mgao. Kibali hutolewa kabla ya jani kukatwa, kwa kuwa baada ya hapo sampuli hutoshea katika bahasha.